Mama Mkwe Ameacha Kunikwepa

Jumanne, 6 Mei

Umeme umepotea tena, katikati ya kurekodi. Kipande cha ubongo wa panya kilikuwa kimeanza kunipa nilichokitaka. Nachochea seli moja, jirani yake anajibu. Nachochea tena, anajibu kwa nguvu zaidi. Kumbukumbu huanzia hapo, kwenye mwanya mwembamba kati ya seli na seli tunaouita sinapsi. Kisha pampu ya oksijeni ikasimama na kipande kikafa. Jenereta ya chuo haina dizeli. Nani aliniambia nifungue maabara ya ubongo Kitui?

Mke wangu Mwikali amenipigia wakati wa chakula cha mchana. Mama yake huko Nunguni ametia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Mwikali anacheka. Nimecheka pia.

Jumapili, 11 Mei

Nunguni. Ukungu na baridi, nimesahau sweta.

Mama mkwe, ambaye hata mimi namwita Mwaitu, yaani mama, kama binti yake, bado anashika nthoni, ile haya ya Kikamba kati ya mtu na mkwe wake. Wengi wa rika lake wamelegeza. Kanisani wanawasalimu wakwe zao kwa mkono na kucheka nao. Yeye hapana. Mkwe wa kiume hamwangalii usoni, haketi naye, hali mbele yake. Nikiingia langoni, yeye anatokea mlango wa jikoni. Nimemwoa binti yake miaka mingi na sura yake naijua kwa picha. Sauti yake ndiyo ninayoijua vizuri, inapita ukutani: "Mgeni amepewa chai?" Mimi ndiye mgeni. Namheshimu kwa hilo, na nakiri huwa linanipendeza.

Leo akauliza kama mgeni amepewa chai. Akauliza tena. Akauliza tena. Syombua, mke wa shemeji yangu, ndiye anayeishi naye. Kila mara alijibu kwa upole uleule, upole wa mtu aliyekwisha zoea. Hapo ndipo niliposhtuka.

Jambo jingine. Mwikali alitangulia nyumbani, mimi nikabaki sokoni kununua mkate. Mama alipomwona akajificha nyuma ya ghala. Syombua akamwambia, "Ni nthoni, ameona bwana yako." Ameniona wapi? Mimi nilikuwa bado kwenye foleni ya mkate.

Jumatatu, 12 Mei

Sote tumekosea kosa moja. Alipoanza kunyamaza, tukasema ni adabu. Alipoacha kunitumia salamu, nikasema mama huyu anajua mila. Alipowakimbia watu njiani, tukasema labda ameona mkwe anakuja. Kila dalili tuliipa jina zuri. Nina shahada ya uzamivu kuhusu kumbukumbu na nilikuwa nakunywa chai upande wa pili wa ukuta.

Sijui ni lini ilianza. Hakuna anayejua.

Alhamisi, 29 Mei

Hospitali. Nimemwandikia daktari maswali, kisha nikakaa kwenye gari, maana Mwaitu hawezi kupimwa nikiwa chumbani. Mwikali ndiye aliyeingia naye. Mwaitu akaambiwa akumbuke maneno matatu: ng'ombe, kiti, mvua. Baada ya muda mfupi hakukumbuka hata moja. Akacheka na kumwambia daktari asiondoke bila kula.

Damu imechukuliwa. Nina tumaini moja, na ni la ajabu. Uko ugonjwa ambao mwili hujishambulia wenyewe, ukaviandama vile vipokezi vya kwenye sinapsi ninavyovichunguza kila siku. Vipokezi ni kama milango. Ikifungwa, ujumbe haupiti, mtu husahau. Ugonjwa huo una dawa, na milango hufunguka tena. Basi naomba awe nao. Mkristo gani huyu anamwombea mama mkwe ugonjwa?

Ijumaa, 13 Juni

Majibu. Damu safi. Sijawahi kulichukia neno safi namna hii. Tezi safi, vitamini sawa, hakuna kinachoshambulia vipokezi. Picha ya kichwa inaonyesha hipokampasi imesinyaa pande zote mbili. Hapo ndipo mambo mapya huhifadhiwa. Kwake hapana mahali pa kuyaweka tena. Si milango iliyofungwa, nyumba yenyewe inabomoka.

Mwikali ameiangalia picha muda mrefu. "Si wewe ndio mtu wa ubongo? Fanya kitu." Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nikamweleza kuhusu dawa za kupunguza kasi kidogo. Kidogo gani, akauliza. Sijui, nikasema. Nimesema sijui mara nyingi zaidi leo kuliko siku ile nilipokuwa natetea tasnifu.

Jumatano, 2 Julai

Syombua amepiga simu akilia. Mwaitu hayuko. Baadaye habari zikaja kwamba yuko sokoni Mukuyuni. Nani alimpeleka, hajui. Nikatoka Kitui mbio.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia la mwenye maharagwe, ametulia, wauza mboga wakimchunga. Aliponiona akainuka upesi, akanipa mgongo, akajifunika leso mpaka usoni.

Nilitaka kuruka kwa furaha. Ananijua! Anajua mimi ni mkwe wake na anajua anapaswa kunifanyia nini. Jambo alilofundishwa akiwa msichana limeenea ubongo mzima, halitegemei pale paliposinyaa. Nimewalipa wanawake wawili wakampakia kwenye gari, nao wakakaa naye nyuma, yeye amefunikwa, mimi natazama mbele tu. Safari nzima nimekuwa nikijiambia: maadamu ananikwepa, bado yuko.

Nimemwambia Mwikali hivyo pia. Sasa kila akipiga simu nyumbani anamuuliza Syombua kama mama bado hataki kusikia habari za mgeni.

Jumapili, 20 Julai

Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Nilikuwa nimekaa nje kwenye benchi, mahali pangu pa siku zote. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mwaitu akatoka, akanijia moja kwa moja, akaketi kando yangu, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Uso kwa uso. Ana kovu dogo juu ya jicho ambalo kwenye picha halionekani.

Wamama wakapiga vigelegele. Syombua alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Leo Mwaitu amekubali mkwe! Mungu ni mwema!" Mmoja akaanza wimbo. Wakasema maombi yamejibiwa, kwamba Bwana ameondoa yale mambo ya zamani. Mwikali amesimama mlangoni, amefunika mdomo, ana furaha ambayo sijaiona kwake tangu Mei.

Mwaitu akaniuliza kama mbuzi wamerudi. Ameniita Nzioka. Nzioka ni ndugu yake mdogo, alikufa kabla Mwikali hajazaliwa.

Nikasema wamerudi. Nikaimba na wengine.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemwambia Mwikali jina aliloniita mama yake. Tulikuwa tunaanika nguo. Aliendelea kuanika mpaka beseni likawa tupu, halafu akaingia ndani. Mimi na kipimo changu cha kijinga cha kukwepwa.

Ijumaa, 25 Julai

Jaribio limefaulu. Umeme haukukatika, kipande kikaishi, mstari kwenye skrini ukapanda na kubaki juu saa nzima. Ni picha safi kuliko zote nilizowahi kupata. Wanafunzi wakapiga makofi.

Sina ninachohisi. Nafahamu namna panya anavyokumbuka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nunguni. Jua kidogo baada ya saa sita.

Syombua amesema siku hizi Mwaitu anakataa chakula, lakini nikija mimi anakula. Kwa hiyo kila wikendi tunakuja. Nimemnawisha mikono, nikampa muthokoi wa mahindi na maharagwe kwa kijiko, na yeye amenisimulia habari za mto na mbuzi na baba yao mkali. Nacheka panapostahili. Nimeanza kumpenda kwa namna ambayo mkwe haruhusiwi, kama mtoto wa nyumba. Naona aibu kwamba nimempata wakati Mwikali anampoteza.

Mwikali alikuja akakaa kwenye kigoda mbele yetu. Akatazama kijiko kikienda na kurudi. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwambie ni mimi."

Nikamwambia Mwaitu huyu ni Mwikali, binti yako.

Akamtazama vizuri, bila hofu. Akasogea kando, akapangusa benchi kwa leso yake, akamwonyesha aketi.

"Karibu. Mama yako ako mzima?"

Mwikali akaketi.

"Ako mzima."

"Umsalimie sana."

Mwikali akasema atamsalimia.