Nimefuta Miguu ya Wateja wa Mume Wangu

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nikiwa na furaha mkono mmoja na aibu mkono wa pili, naomba unishike kabla sijaanguka.

Nina wiki sita tangu niolewe na fundi viatu, na sijui nikueleze vipi huyu mwanamume, viganja vyake vinanuka gundi na mimi hata hiyo gundi nimeshaanza kuipenda, akicheka karakana nzima inang'aa, basi nikasema zawadi yangu kwake itakuwa programu ya mtandaoni, mteja anaifungua kwa simu akiwa kwake, anajipima mguu kwa rula, anaandika kipimo na kuchagua kiatu, maana kazi hii nilijifundisha mwenyewe baada ya sekondari, na kweli nikaimaliza kwa siku ishirini, nikaipamba kwa picha yetu kubwa ya harusi, wateja wakaanza kuingia na mume wangu akawa anamwonyesha kila apitaye, "Hii kaitengeneza mke wangu, kwa mikono yake!"

Baba mkwe, aliyemfundisha mume wangu ufundi na bado wanakaa benchi moja, hakubabaika nayo. Kila mteja akikanyaga karakanani, hata aliyekwisha kujisajili kwangu, anamvua kiatu, anamkanyagisha daftari na kuuchora mguu kwa penseli.

Nikamtania, "Baba, hilo daftari litaoza."

"Likioza nitalishona, mkwe wangu. Lako likizima utalishona na nini? Halafu mbona unauliza kipimo kimoja? Hakuna mtu mwenye miguu miwili sawa."

Nikaona kasema kweli, na Jumanne asubuhi, kwa hamu ya kumfurahisha mume wangu kabla hajamaliza chai, nikaingia moja kwa moja kwenye programu ileile wanayotumia wateja, nikaongeza safu mbili za vipimo, moja ya mguu wa kulia na moja ya mguu wa kushoto, nikaifuta ile ya zamani, kumbe vipimo vyote vilikuwa humo, vya wateja kumi na saba, na sina nakala hata moja.

Mume wangu nimemwambia mtandao unasumbua. Akanibusu kwenye paji la uso, "Pole, laazizi, usijichoshe," na busu hilo linanichoma mpaka sasa. Jumatatu ijayo anaanza kukata ngozi. Je, nijaze vipimo vya kukisia ili asijue? Sitaki kuiacha kazi hii, na sitaki aache kunitazama vile anavyonitazama.

Mke wa fundi

JIBU

Hongera kwa ndoa, mwanangu. Sasa futa machozi tufanye kazi.

Kukisia, usithubutu! Kiatu kikibana kinabana tu, hata kikishonwa kwa mapenzi. Utawaumiza watu kumi na saba ili kuficha kosa la dakika mbili, na jina litakaloharibika ni la mumeo.

Leo hii funga ile fomu kwa muda, uweke ujumbe mfupi wa kuomba radhi. Waulize waliokukodisha seva, ile kompyuta inayotunza programu yako, kama wana nakala ya Jumatatu iliyopita, kabla hujafuta. Wengi huwa nayo, ila usiitegemee. Kisha mkalishe mumeo umwambie yote, ukianza na ule uongo wa mtandao. Kosa la kazi atalisamehe upesi. Uongo ukizeeka ndani ya nyumba ndio unaogeuka ugonjwa.

Halafu nenda kwa baba mkwe. Hivi umeandika barua nzima bila kuona? Nakala yako ya akiba ni lile daftari! Kila aliyefika karakanani miguu yake imo humo, yote miwili. Ambao hawamo, wapigie simu mmoja mmoja wajipime upya.

Sasa nisikilize kama fundi. Mumeo hakati ngozi kabla ya kukata karatasi. Nawe tengeneza programu ya pili ya kujaribia, yenye wateja wa kubuni, na kila badiliko lipite huko kwanza. Safu ya zamani haifutwi siku mpya inapozaliwa: ongeza mpya, hamisha vipimo, hakiki, kaa nazo zote wiki nzima, ndipo ufute. Kila toleo lililofanya kazi litunze, ili jipya likigoma urudi nyuma mara moja. Nakala za vipimo zijitengeneze zenyewe kila siku, zikae nje ya seva hiyo, na mara moja kwa mwezi jaribu kuzirudisha, maana nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Na usibadilishe chochote kwa haraka ya kuwahi chai.

Ile picha ya harusi ipunguze. Najua mmependeza, lakini mteja mwenye simu dhaifu anangoja sherehe yenu imalizike ndipo aagize kiatu.

Ukiwa tayari, kabla hujaifungua tena, mwombe baba mkwe ajaribu kuagiza kiatu kwa simu yake mwenyewe, nawe kaa kimya umtazame anapokwama. Akifika mwisho bila kukuuliza, fungua. Na kila Ijumaa mwombe daftari, ukae naye benchini, umsomee vipimo vyako naye avisahihishe kwa penseli.