Kimya Ulichokiacha Kabla ya Hali ya Hewa

Shabani, mtani wangu,

Shikamoo sikupi. Nilikuzidi miaka miwili ukiwa hai, na kufa hakumpandishi mtu umri. Popote ulipo, wewe ndiye wa kuniamkia, nami naitikia kabisa nisije nikasahau: marahaba.

Arobaini yako imepita. Mkeo, Mama Zuhura, alipika pilau, watu wakala mpaka wengine wakasahau walichokuja kulilia. Mvua zimewahi mwaka huu. Mto Mkondoa umeanza kuvimba, watu wa bondeni wameshainua magodoro, na mimi kila nikiona maji nakumbuka ile habari yako, kwamba wataalamu wamewashauri wakazi wa mabondeni wawe warefu. Ulivyoisoma, bwana. Bila hata jicho kucheza.

Sasa sikia. Nina swali mezani na Rehema wa televisheni anataka jibu kabla ya Ijumaa. Kile kipindi chako cha mwisho, ulichorekodi peke yako, kitiwe vicheko vya watu au kirushwe kikavu kama ulivyokiacha? Wewe ndiye wa kujibu, lakini umekwepa. Nimeachiwa mimi, mtu wa darasa la nne, fundi baiskeli, niamue juu ya kazi yako. Na unajua kabisa kwamba swali hilo ndilo lililotutenganisha.

Nianzie mbali kidogo. Mkono wangu haujui kufika mwisho bila kupita mwanzo.

Unakumbuka Rehema alipotuita studio kwake Mikumi mara ya kwanza? Alikuwa anapiga picha za harusi na kurusha mahubiri na mipira kwenye televisheni yake ya kebo. Akatukuta kwenye kipaimara cha mjukuu wangu tunataniana, wewe ukitangaza kwa sauti ya stesheni kwamba bwana harusi wa mwaka kesho amechelewa kuzaliwa. Akasema, wazee, njooni msome taarifa ya habari. Ya uongo, lakini isomwe kama ya kweli. Ndivyo kilivyozaliwa kijiji chetu kisichokuwepo, ambako habari zetu zote zilitokea, na meza yenye kitambaa cha bluu, na makoti mawili ambayo hayakumtosha yeyote kati yetu.

Wewe ulikuwa umetangaza treni miaka na miaka. Ulijua kusema jambo la ajabu kwa sauti ya kawaida, maana pale stesheni ulizoea kuwaambia watu treni imechelewa siku nzima kama unawasomea bei ya chumvi. Ukanifundisha. Ukaniambia msomaji wa habari hacheki, hata akisoma kwamba tembo aliyevunja ghala la mahindi amekanusha, akasema siku hiyo alikuwa semina. Mimi nilishindwa. Ndipo ukanitilia punje ya mahindi kwenye kiatu, chini ya kisigino, ukasema kicheko kikija nikanyage. Nimekanyaga punje hiyo mpaka kisigino kikaota sugu, na mke wangu akawa anauliza habari gani hizi zinazosomwa kwa miguu.

Mwaka mzima tulisoma hivyo, chumbani, mbele ya kamera moja na Rehema ambaye alikuwa anauma leso asicheke. Watu walikuwa wanatusimamisha barabarani. Yule mzee wa Msowero alipanda basi kuja kuuliza ghala lililovunjwa ni la nani, maana ana shemeji yake huko. Ulifurahi siku ile kuliko nilivyowahi kukuona. Ukasema, huyo ndiye mtazamaji wetu.

Halafu mimi nikaharibu. Haya, nimesema. Nimekuandikia, lisome polepole ulifaidi.

Ni mimi niliyemwambia Rehema tuhamie ukumbini, tuweke mabenchi, watu waingie waketi watucheke uso kwa uso. Wewe ulikataa, nikakuzidi maneno. Na siku ya kwanza ilikuwa tamu, usinidanganye. Unamkumbuka yule mama aliyekaa benchi la mbele, aliyefiwa na kijana wake mwezi ule? Aliingia kashika tama. Jirani yake akacheka, wa pili akacheka, naye akatazama kulia na kushoto kama anayeomba ruhusa, halafu akacheka mpaka kilemba kikadondoka. Peke yake nyumbani asingecheka yule. Kicheko cha wenzake kilimshika mkono. Hilo nilikuambia wakati ule na leo narudia, maana hata maiti haishindi mabishano yote.

Lakini kuna lililonipata mimi. Nililipenda lile benchi, Shabani. Nikaanza kulitazama. Nikisoma habari natupa jicho kule, wameipata? Hawajaipata naongeza. Nikaanza kukodoa macho. Nikaanza kuanguka na kiti. Punje ya mahindi nikaitoa kwenye kiatu, nikaitupa. Wewe ukisoma yako kavu wanasubiri kunitazama mimi. Ukimaliza sentensi nzuri inakubidi ukae unangoja kelele zangu zipungue, na habari inakufa mkononi kama chai iliyopoa.

Na huko majumbani, nikaja kusikia baadaye, watu walianza kutazama huku wanaendelea na mambo yao. Mke wangu aliniambia, nikamkasirikia. Alisema, "Siku hizi hamtuachii nafasi. Tunachekewa."

Siku ile tulipotoka ukumbini ukaniambia kwa upole, tena ukaacha utani kabisa, na hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa na akili. "Yeremia, mimi nataka mtu akae kwake, asikie, ajiulize, ala, kweli hii? Halafu acheke kwa hatari yake mwenyewe. Wale wa kwenye mabenchi wanamwambia mapema kwamba tunatania."

Nikakujibu nini? Nikasema, "Sema kweli yako, Mnyamwezi. Unaumia kwa sababu mimi wananicheka na wewe hawakucheki."

Ukakunja koti, ukalitia kwenye mfuko wa plastiki, ukapanda basi la Kilosa.

Ungekuwa mtu mwingine ningekufuata kesho yake na kuku mkononi, nikuombe radhi. Lakini mimi Mkaguru na wewe Mnyamwezi, watani tangu babu yako alipopita milimani kwetu na mzigo kichwani, na baba yako alipokuja kukata mkonge. Mtani hakosi. Hukunitukana wewe mbele ya wakwe zangu? Sikukuvua kofia siku ya Idi? Neno la mtani halichukuliwi, ndiyo desturi. Basi nikajiambia nililosema lilikuwa utani kama mengine. Na wewe kwa desturi hiyo hiyo ukazibwa mdomo. Ungelalamika kwa nani kwamba mtani wako amekuumiza? Wangekucheka.

Nikakutumia ujumbe kwamba nimesikia umekonda, tafadhali ujifunge jiwe upepo usikuchukue. Ukajibu kwamba unakonda ili jeneza likija nisipate kazi ya kulibeba. Nikacheka, nikaonyesha watu simu. Nikasema, mnaona, mzima huyo. Miezi mitatu tuliandikiana upuuzi huo, wewe unakufa na mimi nacheka. Najua sasa kwamba ulikuwa unaniambia kweli kwa sauti ile ile ya kutangaza treni. Na mimi mwanafunzi wako sikuijua.

Msibani kwako Mabwerebwere, huko Kilosa, nilitimiza wajibu wa mtani. Ulitaka nikuache? Nilivaa koti lako na kofia yako, nikaketi mlangoni kwenye kiti chako, nikawatazama waombolezaji wote, nikasoma taarifa ya habari. Nikasema Mzee Shabani amewasili kwa wakati leo kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Hakuna aliyecheka. Kisigino changu kilikuwa juu ya punje ya mahindi, nilikuwa nimetia nyingine. Nikaendelea kavu kabisa. Nikasema familia inaomba radhi kwa usumbufu utakaotokana na safari hii. Ndani, upande wa wanawake, mtu akacheka. Alikuwa Mama Zuhura. Wakafuata wote, uani, barazani, mpaka shekhe akajifuta macho na kanzu. Halafu kicheko cha Mama Zuhura kikageuka, akalia kile kilio alichokuwa hajakilia tangu alfajiri, na wanawake wakamkumbatia.

Sikuwatazama, Shabani. Nilitazama mbele, pale ambapo kamera ingekuwapo. Nikaelewa ulichokuwa unanifundisha, na ulikuwa umefungwa sanda hatua kumi kutoka kwangu.

Wiki ile ile Rehema aliniita. Akaniambia, babu, kuna kitu Mzee Shabani alinikataza nisikuambie. Kumbe ulikuja Mikumi wakati mimi nipo Malolo kwa binti yangu. Ulishuka kwenye basi ukiwa umejifunga sweta juani, ukaomba akurekodi peke yako, chumbani, meza ya bluu na viti viwili. Cha kwangu ukakiweka mahali pake.

Akanionyesha. Umekonda kweli. Umesoma habari tano nzuri, ile ya treni iliyofika kwa wakati na abiria wakakataa kuipanda kwa kuwa hawaiamini ndiyo mama wa zote. Halafu ukapanga karatasi ukasema, "Msomaji mwenzangu, Mzee Yeremia, hayupo leo. Wahusika wamethibitisha kwamba ni mzima, ila amekwenda kutafuta watu wa kumcheka."

Ukanyamaza. Ukageuka kushoto, ukakitazama kiti changu. Nimehesabu kwa vidole, sekunde nane. Ndipo ukarudi kwenye kamera ukasema, "Na sasa hali ya hewa."

Rehema anasema pale pana shimo. Mtazamaji atadhani sauti imekatika. Ana vicheko vyote vya ukumbini vimehifadhiwa kwenye kompyuta, anaweza kuvimwaga pale na penginepo vikaenea vizuri. Anasema hata wewe mwenyewe uliacha nafasi, kama mtu anayesubiri watu wacheke. Sikumbishia. Ni binti mwenye kazi yake na anakupenda, na kuna ukweli ndani yake: ukiwa peke yako mbele ya kifo cha mtu, unatamani kusikia wengine wamethubutu kucheka kwanza.

Jana nilikuja Kilosa naye. Baada ya adhuhuri tukaketi sebuleni kwako na Mama Zuhura. Rehema akaweka kwanza ile yenye vicheko. Nzuri, siwezi kusema mbaya. Habari ya treni ilipasua ukumbi, nikajikuta nacheka na watu ambao hawapo. Lakini ilipofika pale pa jina langu wakacheka kwa nguvu, ha ha ha, na wewe katikati yao umegeuka unakitazama kiti. Ikawa kana kwamba umekuja Mikumi ukiwa mgonjwa ili unisute mbele ya umati. Mama Zuhura akainamisha macho kwa ajili yangu. Na hao waliokuwa wanacheka, Shabani, nilivitambua vicheko vyao. Ni vya siku ile nilipoanguka na kiti.

Ndipo akaweka ile kavu. Habari zikapita moja moja, sebule kimya. Mama Zuhura alicheka kwenye treni, kidogo, mkono mdomoni, na kilikuwa chake. Tukafika pale. Ukasema maneno yako, ukageuka. Moja, mbili, tatu. Mama Zuhura akasema taratibu, "Anavuta pumzi huyo. Siku zile alikuwa hawezi kusema mengi bila kupumzika."

Labda. Yeye alilala na pumzi zako, mimi sikulala nazo. Rehema anasema ulingoja watu, mkeo anasema ulingoja hewa. Mimi naona ulikuwa unatazama mahali ambapo kila wiki nilikuwa nakupinga ukimaliza habari inayonihusu. Pale ndipo zamu yangu ilipokuwa. Sijui nani kati yetu yuko sawa, na wewe uliyejua umeondoka na jibu lako.

Ila kwenye sita, au saba, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikasema, "Nipo."

Kwa sauti, mbele ya mkeo na Rehema. Wala haikuwa zamu ya utani tena. Nikasema na lile la pili ambalo lilitakiwa lisemwe nje ya ukumbi siku ile, kwamba nilikuumiza, na kwamba haukuwa utani. Wewe ukaendelea na hali ya hewa, mvua za wastani maeneo ya milimani. Rehema akafunga kompyuta bila kuuliza tena.

Basi kitarushwa kikavu. Ijumaa, baada ya magharibi. Kile kimya hakiguswi na mtu. Atakayedhani sauti imekatika na adhani. Mwingine atacheka, mwingine atamkumbuka mtu wake. Nafasi ni yao.

Na ahadi yangu ni hii. Mabenchi sitayafukuza, maana yule mama mwenye kilemba bado anakuja na sitamfungia mlango. Lakini nitasoma kama hayupo mtu. Wakicheka watakuwa wamecheka wenyewe, wasipocheka nitageuza karatasi. Na nikikosea kwa mtu, hata awe mtani, nitakwenda siku hiyo hiyo na kumwambia bila mzaha.

Pumzika, Mnyamwezi. Mungu wako na wangu akupe pahali pakavu. Mkeo nitamtazama, kiti chako nitakiacha mezani, na ukinijia ndotoni unianze kwa shikamoo.

Ni mimi mtani wako,
Yeremia, Mikumi