Chumba cha Baba Mdogo Joshua

Misigiri, Iramba,
Singida.
18 Agosti 2024

Mpendwa kaka Chediel,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Doha, na kwamba joto limepungua kidogo. Miguu yako iliyokuwa inavimba kwa kusimama lindoni inaendeleaje? Mama yako anaiulizia kila siku, ndiyo maana nimeanza nayo.

Sisi huku hatujambo. Ni kipindi cha upepo, vumbi linaingia mpaka kwenye mlenda. Mama yako huyo, mama mdogo wangu, ni mzima, presha haijamsumbua tangu tuvune alizeti. Mimi nimechoka tu. Nalala, naamka, mgongo uko vilevile.

Barua anakuletea Idrissa wa Shelui, aliyekuwa likizo na sasa anarudi huko kazini. Mama mdogo ndiye aliyeniomba nikuandikie. Kwenye simu ameshindwa. Ukipiga anakuuliza umekula nini, halafu anampa simu mtu mwingine.

Ulisikia kwamba tulipata wageni wa filamu. Ni Gerald, yule niliyesoma naye chuo Dodoma, anatengeneza filamu fupi juu ya mama mjane ambaye watoto wake wanarudi kugawana nyumba. Kazi yangu mimi ilikuwa mandhari: kuhakikisha nyumba inafanana na maisha ya watu wanaosemwa mle, kuanzia rangi ya ukuta mpaka kikombe. Nilimpeleka kwenu, akaipenda nyumba tangu uani. Mama mdogo akakubali, akasema angalau kutakuwa na sauti za watu.

Tatizo likawa chumba cha marehemu baba yako. Gerald alikitaka kwa sababu dirisha lake linatazama mashariki na mwanga wa asubuhi unaingia vizuri. Mama mdogo akamjibu bila kuinua uso, "Hicho hakifunguliwi. Mwenyewe hajakiona."

Wao walidhani anamsema marehemu. Mimi nilijua anakusema wewe. Tangu siku ile ulipokosa ruhusa ya kuja kuzika, alikifunga chumba kama baba mdogo alivyokiacha, ili siku ukija ukute kila kitu mahali pake. Wazee wa ukoo walipokuja kugawa nguo aliwakatalia, na baba mkubwa Simoni alinung'unika sana. Wewe hakukuambia.

Gerald alinisukuma nimbembeleze. Nilikataa, tukanuniana. Mwisho nikamwambia nitatengeneza chumba kingine kwenye stoo. Kaka, kazi ile ilinitoa jasho. Nilihamisha magunia ya alizeti, nikapaka kuta udongo uliochanganywa na majivu ili saruji isionekane, nikaazima kitanda kwa mwalimu Raymond na redio kwa jirani. Nikatundika shati kwenye msumari, viatu chini ya kitanda, koti nyuma ya mlango. Sikuwa nawaza mtu yeyote, nilikuwa nawaza kumaliza.

Mama mdogo akaja kuchungulia. Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akaingia, akashika mkono wa lile shati.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

"Ni mume wa yule mama wa kwenye filamu."

"Alikufa kwa ugonjwa gani?"

Nikamwambia hawakuandika. Akatikisa kichwa. "Pole yake huyo mama," akasema, akarudi kwenye mtama wake.

Siku ya kurekodi, mwigizaji Martha alitakiwa kufungua mlango wa chumba kile kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe. Akifungua, analia. Gerald hakuridhika, akamrudisha tena na tena. Kila mara mimi naingia, nanyoosha shuka, nanyunyiza vumbi upya juu ya redio, nafunga mlango, naye anaufungua kana kwamba hajawahi. Mama yako alikuwa uani na ungo wake. Kila Martha alipolia, mikono yake ilisimama juu ya ungo. Mwishoni aliniita akanipa kikombe cha maji. "Mpelekee. Mwambie huyo kijana amwache apumzike. Hakuna mtu anayeweza kufiwa hivyo kutwa nzima."

Walipomaliza wakaondoka na magari yao, nikabaki kubomoa. Mama mdogo alisimama pale akitazama. Shati likatoka, kitanda kikatoka, magunia yakarudi, ikawa stoo tena. Aliingia ndani, akarudi ameshika ufunguo.

"Njoo unisaidie," akasema. "Wewe umeshazoea kutoa vitu."

Sasa hili ndilo lililonipa shida kuandika, nisamehe nikilisema vibaya. Mchwa walikuwa wameshaingia, Chediel. Walipanda kwa nyuma ya kitanda, huku mlangoni tukipita kila siku bila kujua. Koti la mvua la baba mdogo na viatu vyake vya kanisani walikuwa wamevila, na begi ulilomtumia lilibaki udongo mtupu. Niligusa mkono wa koti ukakatika.

Mama yako aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Nilidhani atalia. Akasema polepole, "Nilikuwa namtunzia Chediel. Kumbe nawatunzia mchwa."

Tulitoa vyote nje. Nguo zilizopona alizifua mwenyewe, akawaita wazee, zikagawanywa kama ilivyotakiwa zamani. Baba mkubwa Simoni alipewa sweta la kijani, akalivaa palepale juu ya shati lake na hakuongea tena mpaka anaondoka. Vilivyoliwa tulivichoma nyuma ya nyumba. Nilimuuliza tukuwekee nini, akanijibu hataki tena kuweka.

Kwa hiyo ukija hutakikuta chumba kile. Sijui kama utakasirika, au utapumua. Mimi mwenyewe tangu siku hiyo nimejisikia vyote viwili, na nimechoka kuchagua. Najua ulikuwa unajisemea kwamba chumba kipo, kwamba siku moja utaingia mle na utamlilia baba yako ipasavyo. Samahani, kaka. Kaburi lipo, na tunalipalilia.

Baba mkubwa Simoni anakusalimu, na dada Stumai, na mwalimu Raymond anasema bado anakukumbuka kwa hesabu. Mungu akulinde lindoni na barabarani, akupe moyo mwepesi na mwajiri mwenye huruma.

Nilipomuuliza mama mdogo kama ana neno lake la mwisho, alikuwa anachochea moto. Alisukuma kuni ndani. Kisha akasema, "Mwambie hakuna cha kuja kutazama tena. Akija, aje kuniona mimi."

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Kristina