Miti ya Kenua Imefika Nyuma ya Zizi

Chilkapata, juu ya Cusco
2 Februari

Mpendwa mpwa wangu Wilber,

Nina miaka themanini na mmoja. Nimewazika makasisi wanne, majirani wote wa rika langu, na yule daktari aliyesema moyo wangu hautafika Krismasi. Hujambo huko Calama? Vumbi la mgodi halijakuingia kifuani? Sisi wazima, ila mke wangu Saturnina analalamikia goti. Barua hii naandika mwenyewe, siazimi mkono wa mtu.

Sasa jambo lenyewe. Mpaka wetu na wakulima wa bondeni unaujua: mti wa kenua, ule wa mlimani wenye gome jekundu, unapokoma, shamba lao limekoma, malisho ya alpaka wangu yanaanza. Kila sikukuu ya kanivali tunautembea kwa ngoma, basi. Babu zetu hawakuweka hata jiwe, maana jalidi ya Juni iliua kila mche uliothubutu kupanda mlima.

Jalidi imelegea, Wilber. Miche imevuka kijito ilikokuwa ikikomea, na mmoja nimeukuta nyuma ya zizi langu, umenifika gotini. Kwa desturi hiyo, nyumba yangu sasa iko shambani kwa Fulgencio, yule mkulima wa bondeni!

Nikajua tu, huyu anapanda miche usiku. Kwa kuvizia hakuna anayeniweza. Nikajibanza nyuma ya mwamba usiku kucha, alfajiri akaja na jembe. Nikamrukia: "Nimekukamata, mwizi wa ardhi!"

"Taratibu, Mzee Teodosio, utavunjika kiuno bure," akacheka. "Jembe ni la viazi. Kule chini joto limeleta wadudu, natafuta pa kulima. Na ule nao nimeupanda mimi?" Akanionyesha kenua changa katikati ya genge, pale anapotua ndege kondori tu.

Labda ana kamba ndefu. Lakini ule wa zizini nao umeota ndani ya ufa wa jiwe, jembe haliingii.

Nikamwambia tuweke mawe ya mpaka kijitoni kabla ya kanivali, miti ipande itakavyo. Akakubali papo hapo. Akubaliye upesi ana lake! Nikambebesha mawe mazito, hakunung'unika. Hilo nalo silielewi. Kisha akaomba kipande cha kulima viazi. Nimempa, mbele ya mlango wangu kabisa, nipate kumchunga.

Msalimie mkeo Yolanda na watoto. Mama Ardhi akushike mkono kila ushukapo mgodini.

Mjomba wako mwenye kukupenda,
Teodosio Ccallo

Ukiona naongeza chumvi, muulize Saturnina, aliyetupikia supu pale kijitoni. Naye usipomwamini, muulize Fulgencio.