Chumvi kwenye Chungu

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimetoka kazini, nyumba ya wazee, saa tisa. Kabla sijavua koti nikaenda dirishani kuangalia mti wangu wa bangi. Majani ya juu yamejikunja, ncha zimeelekea chini. Zimebaki wiki mbili tu nivune, ndipo linatokea hili.

Nikamchemshia Papa, baba yangu, chai yake kwa maziwa, na majani ya mwaka jana. Yamebaki ya kujaza kiganja. Amekunywa yote, akanishukuru. Anachojua ni kwamba mti ule ni dawa ya magoti. Jina hajaniuliza, na kwa macho yake yaliyofifia haoni vizuri umbo la jani. Kazini siwezi kumpa mzee hata kidonge bila kumwambia ni cha nini. Baba yangu mwenyewe nampa bangi kimya kimya tangu Pasaka. Najichukia.

Jumatano, 9 Oktoba
Nilidhani maji yamezidi. Nimechomeka kidole kwenye udongo: unyevu wa kawaida. Nikalaumu radieta ya kupasha chumba joto, maana mwenye nyumba ameiwasha juzi. Nimesogeza chungu mbali. Nimepiga picha chini ya majani na kuzikuza kwenye simu. Hakuna mdudu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kingo za majani zimekauka, rangi ya kahawia. Mbolea sijatia tangu mwezi uliopita.

Papa amerudi nyumbani Saint-Gilles kutoka maombi ya kanisani kwetu, mtaa wa Koekelberg, amechangamka. Mchungaji amempa nafasi Jumapili atoe ushuhuda kwamba Mungu amemponya magoti. Mbele ya kanisa zima. Nikasema vizuri, Papa. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Leo nimeona ukoko mweupe juu ya udongo. Nimeugusa, nikalamba kidole. Chumvi.

Imetoka wapi? Nikaangaza macho chumbani. Karibu na dirisha kuna chupa ya Papa ya maji ya maombi, tupu. Kanisani kwetu mchungaji huyatia chumvi kabla ya kuyaombea. Nikamuuliza Papa. Hakuficha kitu.

"Ah, ni miye. Kila asubuyi ninaitiaka kidogo. Ile muti njo inaniponesha, donc nayo ipate baraka."

Nikacheka. Halafu nikajifungia chooni, nikalia. Mzee anaubariki mti ambao mimi naogopa hata kumtajia jina lake.

Jumamosi, 12 Oktoba
Asubuhi nimebeba chungu hadi bafuni. Nikamimina maji safi, ndoo baada ya ndoo, chumvi itoke chini. Majani yaliyojikunja hayatanyooka tena, lakini maua huenda yakapona. Papa akasimama mlangoni, akauliza muti uko na nini. Nikamwambia. Chumvi kwanza. Kisha bangi, na chai, na Pasaka. Sikubakiza kitu.

Nilitaka anigombeze. Akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea.

"Alors, kesho nitabaambia nini?"

Chai ameikataa. Jioni nimemwona anajikanda magoti kwa mikono yake mwenyewe.

Jumapili, 13 Oktoba
Mchungaji alimwita mara mbili. Papa akatikisa kichwa, akabaki ameketi. Watu wakageuka kututazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Kurudi nyumbani, ngazi za ghorofa tatu. Alipumzika kila ghorofa. Nilimpa mkono, akashika reli.

Mchana nikachemsha maji ya chai ya kawaida. Nilipofungua pakiti mpya, Papa akanyoosha mkono. Nikampa. Akaisogeza karibu na macho, akaisoma herufi kwa herufi, mbele na nyuma. Kisha akanirudishia, akasema nimimine.