Mia na Kumi na Mbili kwa Sitini na Tisa

Jumapili, Machi 1972. Manyunyu asubuhi, jua kali mchana. Nimeshiba, nimeaibika, na bado ninacheka peke yangu.

Jana nilicheza gofu na Mwalimu Shem, mchezaji wa kulipwa anayefundisha kwenye klabu yetu huko mtaa wa Karen. Kwake gofu ni kazi. Mimi ni karani wa serikali, fimbo zangu nilizinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na kwa miaka miwili nimejidanganya kwamba kinachonitenga na Shem ni mazoezi kidogo tu.

Mazoezi kidogo! Jamani!

Mimi hupiga mpira kama mtu anayeua nyoka. Shem huzungusha mikono bila haraka, na mpira unakwenda pale alipokusudia. Pigo lake baya kuliko yote jana lilitua mahali ambapo mimi ningemshukuru Mungu kufika. Aliwabebea Wazungu mifuko ya fimbo uwanjani miaka kumi, na miaka yote hiyo alikuwa akiwatazama mikono. Mimi nimezoea kutazama kichaka ulimopotelea mpira wangu. Tulipomaliza, yeye alikuwa amepiga mara sitini na tisa. Mimi, mia na kumi na mbili.

Nyumbani Dagoretti Corner, mke wangu Rasoa akaniuliza kila mmoja amepata ngapi. Nikamtajia. Akapiga vigelegele.

Hapo ndipo ningepaswa kumweleza kwamba kwenye gofu anayepiga mara chache ndiye mshindi. Lakini Rasoa hajanipigia vigelegele tangu harusi yetu, na vilininogea. Nikaviacha viendelee. Leo kanisani akasimama kutoa shukrani kwa ushindi wangu, waumini wakapiga makofi, nami nikainua mkono kama mbunge.

Tulipotoka tukakutana na Shem barabarani. Rasoa akamwalika chakula cha mchana, ili amfariji.



Mezani Rasoa akamwambia kwa huruma ya kweli, "Pole, Mwalimu. Usivunjike roho. Hata wewe siku moja utafika mia."

Shem akanitupia jicho. Neno lake moja tu lingenimaliza. "Asante, mama," akasema. "Hiyo mia imenishinda kabisa. Sijui huyu bwana wako huifikiaje."

Hata hakutabasamu. Hapo ndipo nilipoona haya sawasawa: mtu amenishinda namna ile, na bado ananisitiri mbele ya mke wangu.

Rasoa akanipakulia firigisi ya kuku, ambayo kwetu Kakamega ni ya mwenye nyumba, hailiwi na mwingine. Nikaitazama. Nikasema yote. Nikasema kila pigo huhesabiwa, na kwamba hiyo mia na kumi na mbili ni makosa yangu niliyoyazungusha uwanja mzima.

Watoto wakaacha kutafuna.

 Rasoa akanyoosha mkono, akaiondoa firigisi kwenye sahani yangu na kuiweka kwenye ya Shem.

"Kula, Mwalimu," akasema. "Huyu atashiba hiyo mia yake."

Shem alicheka hadi akapaliwa na chai, nami nikacheka kuliko wote, maana nilikuwa nimetua mzigo.

Sasa Rasoa amelala, nami nimebaki na swali moja. Jumapili ijayo, ni nani atakayesimama mbele ya waumini kusahihisha ile hesabu, mimi au yeye?