Masomo ya Bure Niliyokuuzia, Baba

Shikamoo Baba.

Nimeanza na salamu kwa sababu ulinifundisha kwamba mtu haanzi na shida zake. Najua hutaitikia. Lakini hata ulipokuwa hai kuna siku ulizama kwenye kupanga mzigo dukani ukawa hunisikii, nami nikasimama pale mlangoni nikisubiri uinue kichwa. Leo nasubiri hivyo hivyo, huku naandika.

Unakumbuka siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka? Mama aliyasoma kwenye simu, akakupa wewe. F ya kemia. Masomo mengine nilifaulu, lakini bila kemia chuo cha famasia hakinipokei, na famasia ndicho kitu pekee nilichowahi kukuambia kwa sauti kwamba nakitaka. Hukugomba. Ulisema tu, "Haya, kesho twende wote dukani." Nililia chooni ili msinisikie. Nilidhani umeamua shule yangu imeishia hapo, sasa niuze khanga.

Na kuuza kwenyewe sikuweza. Wewe ulikuwa unasimama mlangoni, doti mbili begani, unaita watu wa Kariakoo kama unawajua wote: "Karibu mama, karibu dada, kuangalia bure!" Mimi nilikaa nyuma ya marobota. Mteja akiniuliza bei, nilimjibu huku naangalia sakafu, naye akaenda kununua kwa jirani. Mama Salha, muuza vifungo na uzi wa mlango wa pili, hakutuacha: "Mzee Bakari, huyu binti ni muuzaji au sanamu la kuvalisha nguo?" Ukamjibu, "Mwache, sanamu langu halinikopi khanga." Mlicheka wote wawili. Mimi nilitamani robota moja linifunike.

Kule nyuma ndiko nilikoanza kusoma tena, bila kumwambia mtu. Asubuhi, kabla hatujashuka ngazi za nyumbani Mchafukoge, nilikuwa napakua masomo mawili matatu kwenye simu, nikayatazama dukani wateja wakipungua. Siku moja ukanikuta nimechomeka waya masikioni.

"Unaangalia nini?"

"Somo la kemia, Baba. Kuna walimu wanarekodi wanaweka mtandaoni."

"Nani anawalipa?"

"Sisi hatulipi. Ni bure."

Ulicheka mpaka ukashika kaunta. "Mwanangu, Kariakoo nzima cha bure ni kuangalia tu. Rahisi yenyewe huwa ghali, sembuse bure? Hao matapeli. Watakuomba namba ya siri sasa hivi."

Nikakuonyesha. Kulikuwa na yule mwalimu wa mbali ambaye sura yake haionekani kamwe, ni sauti tu na maandishi ya rangi kwenye ubao mweusi. Kulikuwa na yule wa hapa kwetu aliyejirekodi darasani, na katikati ya somo jogoo akawika. Uliposikia jogoo ulilegea. "Aa, huyu kweli ni wa kwetu." Nikakuonyesha mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, na vitabu vizima ambavyo mtu anavifungua na kuvisoma bila kuulizwa yeye ni nani. Kisha ukavuta kile kigoda chako cha mbao, ukaketi mbele yangu kama mteja.

"Sawa. Umeangalia, na kuangalia ni bure. Sasa nataka kujua kama umenunua. Niuzie mimi hilo somo."

Nilianza kwa Kiingereza, kama tulivyofundishwa shuleni, sentensi za kukariri moja baada ya nyingine. Ukainua mkono. "Mteja wako anatoka Kilwa. Muuzie kwa lugha yake." Nikarudia sentensi ile ile ya Kiingereza, Baba, polepole zaidi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile nilikuwa nimebeba maneno tu, kama mpagazi anayebeba mzigo asioujua.

Ukawa ndio mtindo wetu. Kila somo nililotazama ilinibidi nikuuzie, na ulikuwa mteja msumbufu kuliko wote. "Hii rangi haitoki?" "Mbona jana uliniambia vingine?" "Jirani ananieleza vizuri zaidi." Siku ya somo la moli ulinitoa jasho. Mwalimu wa simuni aliifananisha na trei ya mayai, lakini haikuniingia mpaka nilipokuwa nakutafutia wewe mfano, macho yangu yakatua kwenye mzigo uliokuwa umefika asubuhi.

"Ni kama korja, Baba. Ukisema korja hujasema khanga wala vitambaa vya mkono, umesema ishirini. Korja ya khanga na korja ya vitambaa vya mkono idadi ni ile ile, ila uzito tofauti. Moli nayo ni jina la idadi, ila ni kubwa mno, kwa sababu chembe zinazohesabiwa ni ndogo mno."

"Kwa hiyo moli ya chuma na moli ya hewa..."

"Idadi sawa, uzito mbali mbali."

Ukatoa neno lako la mteja aliyeridhika: "Nifungie."

Hakuna cheti kitakachonifurahisha kama neno lile.

Mama Salha alikuwa anasikiliza kutoka mlangoni kwake. Nilipofika kwenye gesi, nikieleza oksijeni inavyotengenezwa, alipiga kelele mtaa mzima usikie: "Jamani, njooni! Mzee Bakari amemfundisha mtoto kuuza hewa! Kariakoo tumeuziwa mengi, lakini hewa ndiyo kwanza leo!" Kuanzia hapo nikaitwa Muuza Hewa. Ajabu ni kwamba sikuona aibu. Nilimjibu, mimi, "Karibu Mama Salha, kuangalia bure." Uligeuka ukanitazama kana kwamba robota limesema.

Lakini siku ninayokushukuru zaidi ni ile ya milinganyo. Nilikuwa nakuuzia namna ya kusawazisha mlinganyo wa kemikali. Nilisema kushoto na kulia lazima vilingane, unaweka namba mbele, basi, halafu tunaendelea na...

"Rudi hapo."

"Wapi?"

"Hapo ulipokimbia."

Niliudhika. "Baba, wewe hujui kemia."

"Sijui, kweli. Ila nimeuza nguo tangu hujazaliwa. Muuzaji akifika penye tundu mkono wake unakuwa mwepesi, anakunja upande ule kwa ndani. Wewe hapo umekunja."

Ilikuwa kweli. Tundu lile nilikuwa nalo tangu kidato cha pili. Mwalimu alieleza mara moja, sikuelewa, sikunyoosha mkono. Kila kilichofuata kilijengwa juu yake. Nilirudi nyuma ya marobota nikatazama somo lile tena na tena, nikirudisha nyuma pale pale. Mwalimu wa simuni hachoki kurudia, na hakuna wa kucheka. Nilipotoka kukuuzia upya, nilikwenda polepole, nikakufunulia kote kote. "Nifungie," ukasema, ukainuka kumhudumia mteja wa kweli.

Sikuwahi kukueleza kwa nini nataka famasia. Nikuambie sasa. Ile siku nilipokusindikiza kuchukua dawa za presha, tulipofika dirisha la dawa hospitalini tulipewa bahasha na maneno matatu ya haraka haraka, na foleni ikakusukuma. Nje uliigeuza ile bahasha, ukaniuliza, "Hivi hapa wamesema ninywe lini?" Wewe, uliyeweza kumweleza mteja doti moja kwa robo saa, hukuwa na mtu wa kukueleza dawa ya moyo wako mwenyewe. Nilikusomea. Lakini sikujua inafanya nini mwilini, na niliona uchungu kutojua.

Presha ikakuchukua kabla sijafanya mtihani wa kurudia kemia. Nisiandike mengi kuhusu wiki zile. Nilifuta masomo yote kwenye simu. Mama alisema tusubiri mwaka mwingine, na baba mdogo akaja kulishika duka. Siku aliyokuwa anapanga upya, alikitoa kile kigoda nje ili apewe fundi viatu. Mama Salha akatoka mbio. "Hicho acha! Hicho ni cha mteja wa yule binti!" Akakileta nyumbani mwenyewe, ghorofa ya tatu, akihema na kumlaani aliyejenga ngazi. Alikiweka mbele yangu, akasema, "Haya, uza." Akaondoka bila hata kunywa maji.

Nikapakua masomo upya. Yote yalikuwa bado yapo. Jogoo aliwika pale pale. Hilo nalo ninalishukuru, Baba, kwamba kuna watu wasionijua walioacha elimu yao mlango wazi, na mtu aliyeondoka kwa huzuni anaweza kurudi bila kuulizwa alikuwa wapi. Nikakiuzia kigoda mpaka siku ya mtihani.

Nilipata C. Mama alipoyasoma matokeo safari hii alipiga kigelegele peke yake ngazini, na majirani wa chini wakamwitikia bila kujua sababu.

Sasa niko chuoni, wiki ya kwanza. Jioni natazama pia mihadhara ya bure ya vyuo vya mbali, nasikia wanafunzi wa huko wakikohoa na kusogeza viti, nawaona kama wenzangu. Lakini jana kulikuwa na jambo ambalo video yoyote isingenisaidia. Mwalimu wetu alikuwa anaeleza jinsi mwili unavyoitoa dawa baada ya kazi yake. Akafika kwenye figo, akaongeza mwendo, akafuta ubao. Darasa zima likainamisha vichwa na kunakili. Nami nikainamisha changu. Nilikuwa nimelikunja tundu, Baba, na nikajua nimelikunja.

Simu unaweza kuirudisha nyuma kwa kidole. Mwalimu aliye mbele yako ni lazima umwombe.

Mkono ulipanda taratibu kama si wangu. Watu waligeuka. Sauti ilitoka ndogo: "Samahani mwalimu. Naomba urudi hapo kwenye figo. Sikuelewa." Kisha nyuma yangu mtu akasema, "Hata mimi," na mwingine, na mwingine. Mwalimu akacheka, akachukua kalamu, akaanza upya, polepole. Alipomaliza akaniuliza kama sasa nimeelewa.

Nilimwambia ndiyo, asante. Hilo ndilo alilolisikia yeye. Kimoyomoyo nilisema, "Nifungie."

Mungu akulaze pema, Baba. Siku moja nitakaa nyuma ya dirisha la dawa, na mzee akiigeuza bahasha yake mkononi sitamwacha foleni imsukume. Nitamfunulia kote kote.

Ni mimi binti yako,
Muuza Hewa